Mjomba, Mji Umenishinda

*Barua za wachezaji wa michezo ya kompyuta, na majibu ya Mjomba*

Mjomba, shikamoo.

Nakuandikia nikiwa na hasira na aibu kwa pamoja. Miezi miwili iliyopita nilinunua Cities: Skylines, ule wa kwanza wa mwaka 2015, maana kompyuta yangu haina nguvu ya kuendesha wa pili. Nilikuwa nimetazama video za watu wakijenga miji mizuri huku wakizungumza taratibu, nikasema hapa ndipo pa kupumzishia kichwa baada ya kazi. Mjomba, sijapumzika hata siku moja.

Mwanzo huwa mtamu. Natoa barabara kutoka barabara kuu, naweka pampu ya maji, naweka mitambo ya upepo, napaka rangi maeneo ya makazi, biashara na viwanda, watu wanaanza kuingia. Nikifika wakazi kama elfu nane, alama zinaota juu ya nyumba kama uyoga. Hapa alama ya maiti, pale ya taka, kule maduka yanasema hayana bidhaa za kuuza, huku viwanda vinalia havina wafanyakazi. Naongeza makaburi. Naongeza jalala. Nabomoa barabara naijenga upya kwa njia sita. Pesa zinaisha, nakopa. Nikitengeneza kushoto, kulia kunaharibika. Juzi niligundua nimekunja vidole vya miguu kwa saa nzima, kama mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Mji wa kwanza niliuita Tumaini. Wa pili, Tumaini Jipya. Sasa niko mji wa sita, na huu sikuupa jina kabisa kwa sababu najua utakufa. Una wakazi 11,400, foleni ya malori kutoka eneo la viwanda mpaka barabara kuu, na theluthi ya nyumba za upande wa mashariki zimehamwa. Zile za mashariki nilizipaka zote siku moja, maana mstari wa kijani, ule unaoonyesha hamu ya watu kuhamia, ulikuwa umejaa mpaka juu. Wiki hii sijaufungua. Nikiona tu picha ya mchezo kwenye skrini, tumbo linanikaza.

Je, kuna akili ambayo wenzangu wamepewa nami nikanyimwa? Niache? Au kuna kitu sikioni?

*Meya wa Mji Usio na Jina*

Marahaba, Meya.

Mji wako haujafa. Nimeisoma barua yako mara tatu nikihesabu magonjwa yake, nikapata saba. Nikaisoma mara ya nne nikitafuta ugonjwa wenyewe, nikapata mmoja. Labda mmoja na nusu.

Fanya hivi. Ufungue mji, na ukishaingia bonyeza kile kitufe kirefu cha chini cha kuachia nafasi, mchezo usimame. Ukiwa umesimama hivyo bado unaweza kujenga, kubomoa na kukagua ramani zote. Waliosimama ni wananchi, si wewe. Wachezaji wageni wengi huona kusimamisha saa ni kama kuchungulia majibu. Siyo. Mimi zaidi ya nusu ya mji wangu nimeujenga saa ikiwa imesimama, na sijawahi kuona haya.

Sasa tafuta makaburi yako. Achia mchezo uende kwa mwendo wa kwanza, ule wa polepole, na gari moja la maiti likitoka, libofye, kisha iambie kamera ilifuate. Usifanye kitu kingine chochote. Alama zikikuita, zikatae. Kile kindege cha bluu kinacholeta malalamiko ya wananchi kikilia, kina haki ya kulia nawe una haki ya kutosikia. Wewe kazi yako jioni hii ni abiria wa gari la maiti.

Naweka dau kwamba hutasafiri mbali. Litatoka getini, litakata kona moja au mbili, kisha litasimama nyuma ya lori. Na lori hilo litakuwa nyuma ya lori jingine.

Angalia ulivyoandika: "Natoa barabara kutoka barabara kuu." Barabara, moja. Kila anayeanza hufanya hivyo, kwa sababu mchezo unakupa kichwa kimoja cha barabara mwanzoni nawe unakirefusha. Mji wa watu elfu mbili unaingia na kutoka kwa mlango huo bila shida. Mji wa watu elfu nane hauwezi. Malori ya viwanda yanapita hapo kutoka, bidhaa za maduka zinapita hapo kuingia, wahamiaji wapya wanapita hapo hapo. Gari la taka na gari la maiti hayana njia yao ya siri, yanapanga foleni na wengine. Gari la maiti likikwama, maiti inakaa nyumbani. Maiti ikikaa, wenye nyumba wanahama. Wakihama, kiwanda kinakosa wafanyakazi nawe unakosa kodi. Lori la bidhaa likikwama, duka linakosa cha kuuza. Hesabu basi: maiti, taka, bidhaa, wafanyakazi, nyumba zilizohamwa, pesa. Watoto sita, mama mmoja, naye ni yale makutano ya barabara kuu. Wa saba ni tumbo lako.

Wewe umekuwa ukiwanyamazisha watoto mmoja mmoja. Ndiyo maana umechoka.

Na zile njia sita? Sogeza kamera karibu, utaona kitu kitakachokuchekesha au kukuliza: malori yote yamepanga mstari mmoja, na njia mbili za pembeni yake upande huo huo ziko tupu kabisa. Katika mchezo huu gari huchagua njia yake kulingana na kona litakayokata mbele. Kama yote yanakwenda kukata kona ile ile, yote yatabanana kwenye njia ile ile hata ukiwajengea njia ishirini. Ulipanua ukumbi, mlango ukabaki ule ule.

Kwa hiyo simamisha mchezo tena. Tafuta mahali pengine ambapo barabara kuu inapita karibu na viwanda vyako, uvipe mlango wao, malori yatoke bila kugusa mitaa ya makazi. Kipande kifupi kinatosha, usianze kuchora maua ya barabara kama ya kwenye video. Kisha achia, kaa, tazama tu kwa dakika kumi. Hii ndiyo sehemu ngumu. Mikono itakuwasha. Foleni ya zamani haiondoki papo hapo, na alama zitaendelea kwa muda ingawa ugonjwa umekwisha. Wengi hushindwa hapo: dawa imeshaua wadudu, wao wanaongeza dawa ya pili na ya tatu mpaka mgonjwa anaumwa na dawa.

Ile nusu ya ugonjwa ni ya kule mashariki. Ulipaka nyumba zote siku moja. Wakahamia watu wengi kwa mkupuo, wenye umri unaokaribiana. Katika mchezo huu watu wanazeeka, na waliokuja pamoja wakazeeka pamoja, kisha wakafa pamoja. Wachezaji wanaliita wimbi la vifo, na hakuna makaburi yanayolitosha siku linapofika, kwa kuwa shida ni idadi ya magari yanayohitajika saa ile moja. Wimbi likishapita, magari hayo hayo yatakaa yakipigwa jua. Usijenge makaburi ya kutosha wimbi. Safari nyingine paka mtaa mmoja, subiri ujae, fanya jambo jingine, halafu paka mtaa wa pili. Wakazi wakiingia kwa nyakati tofauti watakufa kwa nyakati tofauti, na utakuwa huna habari ya msiba.

Mstari wa kijani ukijaa si amri. Unasema tu kwamba kuna watu wangependa kuhamia. Watu hao hawapo mahali popote wakisubiri na mizigo kichwani, hawatakufa ukiwaacha nje. Niliukalia mstari wa kijani uliojaa kwa jioni tatu mfululizo, hakuna kilichotokea. Vivyo hivyo na yale majengo mapya unayofunguliwa kila ukifikisha idadi fulani ya watu. Mchezo unakupongeza na kukuonyesha vitu vipya kumi, nawe unadhani umepewa kazi kumi. Umepewa duka. Dukani si lazima ununue.

Kuhusu akili uliyonyimwa, nikusimulie akili yangu mimi. Katika mji wangu wa kwanza niliweka bomba la kumwaga maji taka mtoni, halafu pampu ya maji ya kunywa nikaiweka mtoni huo huo, chini yake, kule maji yanakoelekea. Wananchi wakaanza kuugua. Nikajenga zahanati. Wakaendelea kuugua. Nikajenga ya pili. Nikajiambia watu hawa wana afya dhaifu, nikajenga ya tatu, nikakopa kwa ajili yake. Siku mbili baadaye, nikitafuta mahali pa kuweka ya nne, kamera ikapita juu ya mto nikaona maji yamekuwa kahawia mpaka mlangoni mwa pampu. Nilikuwa nawanywesha watu uchafu wao wenyewe huku nikiwashangaa. Na niliona mto ule kila siku! Sikuuangalia kwa sababu haukuwa na alama juu yake. Alama zilikuwa juu ya nyumba.

Alama haiwekwi mahali kosa lilipo, inawekwa mahali kosa linapouma. Nilitamani mtu angeniambia hilo mapema.

Sasa tuje kwenye kichwa. Mwaka 1956 mwanasaikolojia George Miller aliandika makala iliyopata umaarufu kwamba akili ya mtu hushika kwa wakati mmoja vitu kama saba, vikizidi viwili au kupungua viwili. Mwaka 2001 mwenzake Nelson Cowan alilipitia jambo hilo upya akapunguza hesabu: vinne hivi. Vinne, Meya! Nawe jioni umetoka kazini, vinne vyako labda vimebaki viwili, na skrini inakuonyesha alama arobaini zinazopepesa. Hakuna aliyepewa akili ya arobaini. Waliozoea wanachofanya ni kuona arobaini hizo kama kitu kimoja, "ah, makutano," kama vile wewe husomi herufi moja moja ukisoma neno. Hilo linakuja kwa kukosea, na umeshakosea miji sita, umebakiza kidogo.

Mpaka hapo litakapokuja, tumia karatasi. Kabla hujaufungua mchezo andika kazi moja. "Leo: mlango wa viwanda." Ukiwa ndani ukaona shule imejaa, iandike chini yake, usiiguse. Ukimaliza mlango wa viwanda, hifadhi, funga, hata kama ni dakika ishirini tu zimepita. Na ukikagua zile ramani za rangi, za maji, umeme, foleni, kelele, fungua moja yenye kuhusu kazi ya leo. Nilikuwa na tabia ya kuzizungukia zote kama mlinzi wa usiku anayegusa kila kufuli. Sikupata kitu isipokuwa wasiwasi.

Sababu ya kukuwekea mpaka mwenyewe ni kwamba mchezo hautakuwekea. Hii ni asili yake tangu babu yake. Mmarekani Will Wright alikuwa akitengeneza mchezo wa helikopta ya kulipua mabomu, Raid on Bungeling Bay, uliotoka 1984, akajikuta anafurahia kuchora visiwa vya kulipuliwa kuliko kuvilipua. Akaikuza ile programu ya kuchorea, na mwaka 1989 ikatoka SimCity. Wachapishaji wa mwanzo walisitasita, wakiuliza: mtu anashindaje hapa? Hashindi. Hakuna kengele ya mwisho, hakuna mwamuzi wa kusema leo umefanya vya kutosha. Ndiyo raha yake, na ndiyo kinachokunja vidole vyako vya miguu.

Video za wale wanaozungumza taratibu, ziache kwa sasa. Unachokiona pale ni kilichobaki baada ya kukata. Huoni usiku aliotukana.

Umeuliza uache? Ukitengeneza mlango wa viwanda, ukatazama dakika zako kumi, foleni ikalegea nawe usisikie hata chembe ya furaha, basi acha, tena bila kuaga. Ni mchezo, si ndoa. Lakini kuna njia ya tatu ambayo watu huisahau: kaa na mji wa wakazi 11,400. Usiukuze. Panda miti, nyoosha mtaa mmoja, mfuate mtu mmoja kutoka nyumbani mpaka kazini uone anapita wapi. Mimi nina mji wa watu elfu tisa ambao sijauongeza kwa mwaka na nusu. Ninaujua kila kona yake.

Na upe jina, usiku huu huu, kabla ya mlango wa viwanda. Kitu kisicho na jina ni rahisi mno kukitupa.

---

Mjomba, swali fupi. Rafiki yangu anasema kuwasha pesa zisizokwisha ni kudanganya. Mimi nikiziwasha ndiyo napumua. Nani yuko sahihi?

*Tajiri wa Bandia*

Tajiri, unamdanganya nani? Katika Cities: Skylines kitufe hicho wamekiweka watengenezaji wenyewe, kinakaa pamoja na nyongeza nyingine zilizokuja na mchezo. Adhabu yake ni kwamba ukiwa umekiwasha hupati zile tuzo za mafanikio. Basi.

Ila ujue kinaondoa nini na kinaacha nini. Kinaondoa kuhesabu na kusubiri. Hakiondoi foleni, wala wimbi la vifo, wala maji taka ya Mjomba wako. Kama unacholemewa nacho ni bajeti, kiwashe. Kama ni barabara, utakuwa tu na foleni ya kitajiri. Na kuna hatari moja ndogo: pesa zikiwa hazina mwisho, unajenga kubwa mapema kuliko unavyoweza kuielewa. Mimi nikimfundisha mtu mpya, humwambia awashe kwa mji wa kwanza na azime kwa wa pili. Wengine hawazimi kamwe, na miji yao ni mizuri kuliko yangu.

---

Mjomba, shikamoo. Mimi si wa Skylines, ni wa Banished. Nilikuwa na kijiji cha watu 62, chakula ghalani 9,000 na kidogo, kuni za kutosha, zana zipo. Nikaona huu ndio wakati wa kukua. Nikajenga nyumba 18 karibu kwa mpigo, watu wakahamia kwa furaha, watoto wakazaliwa. Miaka michache baadaye nilikwenda jikoni kunywa maji mchezo ukiwa mwendo wa kasi. Niliporudi walikuwa wanakufa njaa mmoja baada ya mwingine, na nilipoongeza wakulima ndiyo wakazidi kufa. Walibaki wanane. Kilichoniuma ni kwamba nilikuwa nawajua kwa majina. Sijaufungua tena. Nilikosea wapi, wakati nilikuwa na akiba?

*Aliyebaki na Wanane*

Marahaba, na pole. Pole ya kweli, siicheki. Banished unaumiza kwa sababu ni mdogo. Ulitengenezwa na mtu mmoja, Luke Hodorowicz, ukatoka 2014, hauna vita wala maadui. Anayeua ni baridi, njaa na hesabu yako mwenyewe.

Hesabu ndiyo hii. Kila mtu kijijini, mkubwa kwa mdogo, anakula takriban vipimo 100 vya chakula kwa mwaka. Watu 62 wanakula 6,200. Ile 9,000 yako iliyokuvimbisha kichwa ilikuwa chakula cha mwaka mmoja na miezi mitano. Haikuwa akiba ya kukulia, ilikuwa akiba ya mvua moja mbaya.

Halafu nyumba. Katika mchezo huu nyumba ndiyo mkunga. Vijana wanaokaa kwa wazazi hawazai. Ukiwapa nyumba, wanahamia wawili wawili na mwaka unaofuata kuna vitanda vya watoto. Ulifungua milango 18 kwa mpigo. Watoto wale wakaanza kula siku waliyozaliwa na kufanya kazi miaka mingi baadaye. Kwa hiyo ukawa na kijiji kinachokula kama cha watu mia na zaidi, kinacholima kama cha watu sitini. Ghala lilishuka kimyakimya, mwaka hadi mwaka, na hakuna alama inayopepesa kwa ghala linaloshuka. Alama inakuja likiwa sifuri. Na hapo waliokufa wa kwanza ni pamoja na wakulima, wavuvi na wachumaji, mavuno yakapungua tena. Ulipoongeza wakulima ulichelewa, maana shamba haliliki siku unayolipanda, na waliohamishwa huenda ndio waliokuwa wakivua samaki.

Sasa usikimbilie upande wa pili. Najua utakachofanya, maana nilikifanya: safari ijayo utaogopa, hutajenga nyumba hata moja kwa miaka kumi. Kijiji kitakaa kimya na shibe, vijana watazeekea kwa wazazi wao, hakuna atakayezaliwa, na siku moja wazee wote watakufa karibu pamoja ukabaki tena na wanane, wakiwa wameshiba. Nyumba moja, mbili kwa mwaka, kila mwaka. Polepole inayochosha, ila isiyokatika.

Jenga ukumbi wa mji mapema. Unakuonyesha kilichozalishwa na kilicholiwa mwaka kwa mwaka. Ghala litakudanganya, zile namba mbili hazidanganyi. Kilicholiwa kikikaribia kilichozalishwa, hakuna nyumba mpya, hata ghala limwagike.

Na ukienda kunywa maji, simamisha.

Wale wanane usiwafute. Watu wanane wenye nyumba nyingi tupu, zana na mashamba yaliyolimwa wana mwanzo mzuri kuliko wengi wanaoanza na mikono mitupu, mradi kati yao wako vijana wa kuoana. Hebu waangalie umri.

---

Mjomba, shikamoo. Mimi sichezi michezo hii, ila nimeolewa na anayecheza. Mume wangu anajenga mji wake mpaka saa tisa usiku. Si kukesha kunakonisumbua, ni anavyotoka pale: amenuna, hasemi, kama mtu aliyegombana na bosi. Nikimwambia azime anasema "dakika mbili" na dakika mbili zinazaa saa mbili. Nikimuuliza kwa nini anacheza kitu kinachomtesa, ananitazama kama sijui kitu. Nifanyeje bila kuonekana adui wa mji?

*Mke wa Meya*

Marahaba, mke wa Meya. "Dakika mbili" zake si uongo, anaziamini. Katika mchezo wa mpira kuna kipyenga, katika huu kila kinachoisha kimeanzisha kingine: amesubiri daraja liishe, daraja limeleta foleni, foleni haifai kuachwa usiku. Kwa hiyo usimwambie azime. Mwambie asimamishe na ahifadhi, ambavyo huchukua sekunde chache, na mwafikiane saa, tena mchana, siyo ukiwa umesimama mlangoni na shuka begani. Saa ile ikifika, aandike kwenye karatasi kitu kilichobaki kinachomkera zaidi. Wengi hawakai kwa sababu ya raha saa hizo. Wanakaa kwa sababu wanaogopa kusahau walichokuwa wanarekebisha.

Kununa ni jambo jingine. Kama ananuna siku mji umeharibika tu, ni kuchoka. Kama ananuna kila siku, na hata siku ambazo hajacheza, basi mji si chanzo. Huenda ndipo anapojificha, na hapo maongezi yenu yahusu kitu kingine kabisa.

Jaribu kwanza hili dogo. Jumamosi asubuhi, akiwa ameshiba na hajachoka, kaa kando yake umwambie akutembeze mjini. Usishauri. Ukiona foleni, kaa kimya. Muulize tu ile barabara inaelekea wapi.